Ujumbe Umefutwa

Nichekeni tu, maana nyumbani kwangu wameshanicheka mpaka wamechoka. Mimi ni tarishi wa Liwali hapa Bagamoyo. Juzi alinituma kijiji kimoja nyuma ya Kaole, nikawaambie watu wakutane barazani Ijumaa. Nimeshapanda baiskeli, akaniita kutoka dirishani: "Mambo yamebadilika! Waambie ujumbe wao umefutwa!"

Nikafurahi. Ujumbe ukifutwa, tarishi anakwenda kula tu.

Jumbe wa kijiji alinipokea uwanjani kwa joho na kilemba, watu wamejaa, pilau inanukia.

"Shikamoo, Mzee Jumbe."

"Marahaba, mwanangu. Liwali anasemaje?"

"Ujumbe umefutwa!" nikajibu huku nacheka.

Watu wote wakamgeukia Jumbe. Nikadhani wamesikitika, nikawaliwaza. "Msihuzunike, jamani. Ujumbe wenyewe haukuwa na maana, ulikuwa unawapotezea wakati bure!"

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wenzake wakapokea, ngoma ikalia. Vijana wakanibeba mabegani. Loo, nikasema moyoni, huku tarishi anapendwa! Waliponitua nikakaa mbele ya sinia, nikatia tonge la kwanza mdomoni.

Jumbe akavua joho lake polepole, akalikunja, akaniwekea mapajani.

"Kumbe ni kweli tuliyosikia, Serikali imetutia chini ya Jumbe wa kijiji jirani," akasema. "Sasa mimi, mwanangu, kuanzia leo mtaniita nani?"