Kizibo Chekundu

Mume wangu ni fundi seremala, na yale majukwaa sita ya mbao kule msituni, kando ya ziwa, yale watu wanayosimikia mahema ili wasilale kwenye tope, aliyatengeneza yeye. Kulala juu yake hata siku moja, hajalala. Jioni alikuwa anakung'uta vumbi la mbao, anadandia lori, anarudi nyumbani kunilalamikia mgongo. Wala hakuona kwamba amepunjwa. Alikuwa akisema ziwa halina miguu, tutaenda tu.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Kwanza alikata mlango wa kabati la jirani ukawa mfupi, tukacheka. Halafu akaanza kumimina chai nje ya kikombe, na hapo hatukucheka tena. Daktari akasema ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitaokolewa kwa upasuaji, zamu yake ikifika. Tulitoka pale tukatembea mpaka kituo cha basi. Ndipo akasema, "Mama watoto, nataka nikaone kunapambazuka pale ziwani. Mara moja tu, wakati bado naona."

Basi nikaanza kupambana na kibali cha kulala kwenye jukwaa.

Zamani vibali vilifunguliwa kwenye simu asubuhi ya tarehe mosi, na kabla hujameza mate vimeisha, vimenyakuliwa na mawakala wanaokuja kukuuzia kwa bei ya kuruka. Watu wakapiga kelele, ikaletwa bahati nasibu: unatuma jina, kompyuta inachagua, na tarehe inakupangia yenyewe. Nikakubali, hiyo ni haki. Nikatuma jina la mume wangu, tukakosa. Mwezi uliofuata tukakosa. Uliofuata tena, vilevile. "Samahani, jaribu tena." Ile samahani ilinikera kuliko kukosa kwenyewe. Nani aliniomba samahani, mashine?

Lakini aliyenipandisha mori hasa ni mdogo wangu. Yeye ni askari wa geti la msitu huohuo. Jumapili moja alikuja kula kwetu, akatuambia bila hata haya kwamba majukwaa mengi yanalala matupu. Watu wanashinda, halafu hawaji. Mara mvua, mara uvivu, mara wamesahau.

"Kwa hiyo mwingize shemeji yako," nikamwambia.

"Dada, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Mwache," mume wangu akadakia. "Huyu siku ya harusi yetu alisimama mlangoni akamdai mama yake mzazi kadi ya mwaliko."

Wakacheka wote wawili. Mimi niliondoa sahani mezani kwa kishindo.

Hata hivyo maneno yangu yalimwingia. Alihangaika na wakubwa zake mpaka wakakubali utaratibu mpya. Ikifika saa sita mchana, askari anaita jina la kila ambaye hajafika, mara tatu, kwa sauti. Asipojitokeza, nafasi yake inachezewa bahati nasibu palepale getini na waliopo. Vizibo vya soda vinatiwa kwenye ndoo, kimoja chekundu. Atakayekichota ndiye analala. Na kwa kuwa ndoo inashikwa na askari mwenyewe, ndugu na jamaa wa maaskari hawaruhusiwi kuchota. Hilo la ndugu alilidai mdogo wangu. Nilimnunia kweli kweli.

Mwishowe nikasema liwalo na liwe. Tutakwenda siku yake ya mapumziko, maaskari wenzake hawatujui. Nikabeba hema la kuazima, blanketi na chupa ya chai, nikamshika mume wangu mkono. Tunafika getini, nani kashika ndoo? Mdogo wangu. Mwenzake alikuwa ameamka na homa.

"Hatumjui," nikamnong'oneza mume wangu.

"Nani?"

"Mdogo wangu. Ndiye mwenye ndoo. Umesikia? Hatumjui kabisa."

"Basi hatumjui," akasema, huku anajizuia kucheka.

Mdogo wangu alituona. Akatazama ile miwani mizito ya shemeji yake, akatazama hema, akanitazama mimi, halafu akainamisha kichwa na kuendelea kutikisa ndoo. Huyu nimembeba mgongoni, namjua. Nikajua kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake ameamua kupindisha kitu, na anakipindisha kwa ajili yetu. Foleni ikasogea. Mume wangu akaingiza mkono, akachakura, akatoa kizibo, akakisogeza mpaka karibu na pua ndipo akaiona rangi yake. Chekundu.

"Shemeji!" akapiga kelele, mikono juu. "Shemeji, nimekipata!"

Watu wakageuka. Mama mmoja mwenye begi kubwa mgongoni akauliza, "Askari, huyu ni shemeji yako?"

Alikuwa na pa kutokea. Watu wanaitana shemeji sokoni, kwenye foleni, kwa kinyozi. Angecheka tu, aseme huyu mzee ana utani, yakaisha. Nilimkazia macho.

"Ndiyo," akasema, akamsogezea shemeji yake ndoo. "Ameoa dada yangu. Kizibo kirudi kwenye ndoo."

Niliyomwambia mdogo wangu mbele ya watu siwezi kuyarudia hapa. Kizibo kikachotwa upya, akakipata yule mama mwenye begi.

Njia nzima nilimfokea mume wangu. Tulikubaliana nini? Ulimi wako hauna breki?

"Nilifurahi," akasema. "Mtu ukifurahi unamwita nani? Unamwita mtu wako."



Miezi ikapita, chai ikazidi kumwagika. Kisha siku moja ujumbe ukaingia: Hongera, jukwaa namba nne. Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni, halafu nikasoma tarehe. Ilikuwa siku ileile hospitali waliyompangia upasuaji. Nikapiga simu hospitali: ukikosa zamu, unarudi mwisho wa foleni. Nikapiga simu msituni: tarehe haibadilishwi, ndiyo haki kwa wote. Kila mtu alikuwa na haki yake, hakuna niliyeweza kumwambia amekosea, na mimi nilitaka kuvunja kitu.

Tukaenda hospitali. Saa sita mchana ilitukuta kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, yeye amevaa lile gauni la kijani linalofungwa nyuma, miwani nimemshikia mimi. Miezi yote hiyo nilikuwa nawatukana wanaoshinda wasifike. Leo na sisi tumo.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Sita."

Akainua kichwa.

"Shemeji ananiita sasa hivi," akasema. "Anajua siji, lakini ataita mara zote tatu. Unamjua."

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akaita jina lake. Aliita mara moja tu. Mume wangu akapapasa bega langu, akainuka, akaitika, "Nipo."