Tangi la Marehemu na Ukuta Uliotoka Jasho

Jamani, sogezeni viti, maana nyumba hii ninayoishi nusura initoe akili.

Asubuhi moja niliamka nikakuta ukuta wa sebule unatoka jasho.

Sitanii. Matone yalikuwa yanateremka taratibu juu ya rangi, kama kwenye paji la uso la mtu aliyebeba gunia. Mvua haikuwa imenyesha. Bomba lilikuwa zima, na juu yetu hakai mtu.

Nikafuta kwa taulo. Nikaenda kuchemsha chai, kurudi, umelowa tena.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, hasa magauni ya harusi. Sebule ndiyo ofisi. Cherehani iko dirishani, meza ya kupigia pasi iko katikati, na kwenye kona kuna tangi la samaki la mama mkwe wangu.

Tangi lilikuja naye alipohamia kwetu baada ya kufiwa. Lilikuwa la baba mkwe. Vitu vingine vyote aligawa, hilo akasema labda afe kwanza. Ndani yake kuna samaki mkubwa wa rangi ya chungwa tunayemwita Mwenyekiti, maana wenzake hawali mpaka aanze yeye.

Kila asubuhi mama huongea na Mwenyekiti. Humpa habari zote za nyumba, za majirani akiongeza na chumvi.

Basi, jasho likaleta madoa meusi nyuma ya kabati. Madoa yakaleta harufu. Harufu haijazoeleka, mama akaanza kukohoa.

Kikohozi kile kilininyima raha. Nashona, nasimamisha cherehani, nasikiliza. Nikisikia kimya, naenda kuchungulia chumbani kwake kama mwizi. Nikirudi, uzi umekatika na sijui nilikuwa nashona nini.

Na maji ya tangi nayo yalikuwa yanapungua! Kila siku mama anaongeza jagi zima, na sakafu kavu. Yanakwenda wapi? Mama akasema kwa utulivu kabisa kwamba marehemu ana kiu.

Mume wangu alicheka. Mimi nywele zilinisimama.

Kikohozi kilipozidi, tukampeleka mama hospitali. Daktari akasikiliza kifua, akauliza nyumbani kuna kitu gani kinachotoa unyevu.

Hapo ndipo nilipozinduka. Tangi liko wazi juu, hita yake ya kupasha maji inawaka mchana na usiku. Maji yanapanda hewani, yanakutana na ukuta wa baridi, yanageuka matone. Marehemu wa watu hakuwa na kiu yoyote.

Daktari hakuzunguka. Hewa ya nyumba ibadilike, la sivyo mgonjwa ahame.

Mume wangu akakata shauri: ama tangi liondoke, ama mama aende kwa dada yake. Na mama na dada yake huyo, wakikaa chumba kimoja kwa muda wa chai kupoa, wameshagombana. Mama angeishi kule kama mzigo, na alijua.

Nikajitia ujuzi. Nikatafuta kioo, nikafunika tangi, nikaziba kingo kwa utepe, nikafungua madirisha. Ukuta ukakauka. Nikatembea kifua mbele nyumba nzima.

Asubuhi nikakuta kioo kimeegemezwa ukutani.

Nikafunika tena, kikatolewa tena. Nikipeleka gauni kwa mteja, nikirudi madirisha yote yamefungwa. Ukuta unatiririka na mama anakohoa.

Mtaniuliza mbona sikusema. Ndugu zangu, mimi na mama mkwe tulikuwa tunaheshimiana mno. Nasalimia kwa kupiga goti kidogo, naye anajibu kwa dua. Mambo ya kumkalisha mkwe chini na kumhoji, nani alinifundisha? Nikabaki kumnong'oneza mume wangu kwamba mama yake hataki kupona.

Mwisho tukakubaliana tangi lichukuliwe. Kinyozi wa mtaani alilitaka kwa saluni yake. Akaja na mpira wa kunyonya maji, akaanza kuyapunguza tuweze kulibeba.

Mama alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Maji yakashuka, Mwenyekiti akaanza kuzungukazunguka.

Sijui nini kilinipata. Goti nikalisahau.

"Mama, kwa nini ulikuwa unafungua kile kioo? Kifua si ni chako?"

Akageuza kigoda kunielekea.

"Ulipofunika, maji yalizidi moto. Mwenyekiti akawa juu, mdomo nje, anatafuta hewa. Nilimuuguza mume wangu mpaka mwisho akitafuta hewa hivyohivyo. Kukaa nimtazame na mwingine, sikuweza."

Kinyozi akabana mpira, maji yakakoma.

"Na madirisha?" nikauliza.

Akaelekeza kidevu kwenye gauni jeupe lililoning'inia. "Vumbi la barabara lote linaishia hapo. Likichafuka, utamwambia nini bibi harusi? Kikohozi changu nimekizoea, mwanangu. Kazi yako ndiyo inatulisha."

Nilikaa sakafuni palepale, nikalia. Wiki zote hizo nilimwona mbishi, kumbe alikuwa anakohoa kwa ajili yangu.

Akaniacha nilie. Kisha akakohoa kidogo, akasema, "Na hiyo pasi yako ya mvuke nayo, nilikuwa nanyamaza tu."

Kinyozi ndiye aliyecheka kwanza. Na ni kweli! Kutwa nzima napuliza mvuke katikati ya sebule iliyofungwa, halafu lawama zote kwa samaki.

Kinyozi alirudisha maji, akaondoka mikono mitupu. Nilimshonea aproni mpya ya kazi. Meza ya pasi ikahamia barazani. Magauni yakavishwa mifuko, madirisha yakafunguliwa. Kioo tulikirudisha, tukaacha upenyo upande wa pampu ya hewa.

Ikabaki hita. Kitufe chake kilikuwa pale marehemu alipokiacha, juu kabisa, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Nami sikugusa.

Mama alinyanyuka mwenyewe. Akakishika, akasimama kidogo, akakishusha.

"Nyumba yetu ile ya zamani ilikuwa ya baridi," akasema. "Hii siyo ile."

Siku hizi ukuta ni mkavu, kikohozi kimebaki cha kusafisha koo. Juzi nikiwa jikoni nilimsikia akimpa Mwenyekiti habari za asubuhi: kwamba mkwe wake siku hizi anauliza maswali mpaka anachosha, na kwamba yeye mwenyewe haendi popote.

Kwa hiyo ukuta wako ukitoka jasho, usikimbilie kumsingizia marehemu. Fungua dirisha, tazama pasi yako, kisha kaa chini na mkweo umuulize. Tulikuwa tunaheshimiana sana, na heshima hiyo nusura itutolee mtu nyumbani.