Maziwa ya Watoto wa Popo

Mimi nina mdomo, sikatai. Miaka ishirini nimezalisha wanawake hapa Bunia, na mkunga asiye na mdomo hawezi kazi. Lakini mara moja mdomo wangu ulinitia aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Nyuma ya jiko langu, mtaa wa Saio, kuna kibanda cha waya ambamo ninatunza popo wanaokula matunda. Wakubwa huja wamevunjwa bawa kwa manati; wadogo nawabandua kifuani kwa mama zao waliokufa kwenye nyaya za umeme. Nimechanjwa sindano za kichaa cha mbwa na siwashiki bila glovu nene, lakini tangu ebola itutese, nani ananisikiliza?

Aliyeogopa kuliko wote ni mama jirani, aliyekimbia vita kule Djugu na kupanga chumba kwenye ua wetu. "Ile manyama itatuuwa siye wote," alisema kila asubuhi. Na kila asubuhi, huku akilalamika, alinikamulia kikombe cha maziwa ya mbuzi wake kwa ajili ya wale wadogo. Hakutaka malipo.

Kisha wadogo wakaanza kufa. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ananyonya, anakohoa, anahema kwa shida, kesho yake hayupo. Alipokufa wa nne nilitoka na kikombe mkononi, nikapiga kelele mpaka avenyu nzima ikajaa uani.

"Kikulacho ki nguoni mwako! Weye uliweka nini mu maziwa?"

Mama jirani alinyoosha mkono. Akachukua kikombe chake, akaingia ndani. Tangu siku ile salamu zikaisha, na mbuzi akafungwa upande wa pili wa nyumba. Wanawake wengine nao wakaacha kumkopesha hata chumvi.

Wiki mbili baadaye mlinzi wa shule akaniletea wa tano ndani ya karatoni, mdogo kuliko kiganja changu. Nikaapa huyu hafi, na akipona kila mtu atajua nani aliua wenzake. Nilinunua maziwa ya kopo, nikachemsha maji mwenyewe, nikaosha mwenyewe bomba la sindano la kumnyweshea. Hakuna mkono mwingine uliogusa kitu. Nilimfunga kipande cha kitenge, nikamlaza chali, kichwa juu, jinsi nilivyofundisha wazazi wengi, nikamdondoshea tone kwa tone. Siku mbili alikunywa vizuri. Nikaanza kuringa.

Siku ya tatu, mchana, povu jeupe likamtoka puani. Akakohoa. Ayi! Kikohozi kilekile. Kifua kikaacha kupanda, ulimi ukageuka rangi.

Sikufikiri. Nilimshika miguu nikamgeuza kichwa chini, kama wakunga wa zamani walivyofanya kwa kichanga kisicholia, nikamsugua mgongo. Maziwa yakadondoka puani. Nikamwomba Mungu kwa sauti, nikamtukana na popo mwenyewe. "Vuta pumzi, weye mjinga, vuta!" Akavuta. Akalia kidogo, kucha zikakamata glovu yangu, akabaki ananing'inia pale, ametulia kabisa.

Kichwa chini. Mtoto wa darasa la kwanza anajua popo anakaa vipi! Kumbe mimi, fundi wa watoto, niliwanywesha wote chali kama watoto wa binadamu, maziwa yakawaingia mapafuni. Nilikaa sakafuni nikalia. Nililia kwa ajili ya wale wanne, halafu nikamkumbuka mama jirani, nikakosa hata nguvu ya kulia.

Nilimnywesha yule mdogo tena, safari hii tumbo chini, kichwa kimeinama, miguu imeshika kitambaa. Hakukohoa. Ndipo nikaenda mlangoni kwa jirani. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Mama, maziwa yako haikuwa na kitu. Ni mimi niliwauwa, na hii mikono yangu. Unisamehe."

Alitupa kijiwe, akatupa kingine.

"Ulinisemea mbele ya watu wote," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi na hii uwaambie."

Jua lilikuwa kali na wanawake walikuwa wamejipanga na bidoni zao kuchota maji kwenye robine. Nikawaita wote. Yeye akaja kusimama nyuma yangu, amefunga mikono kifuani, asikose hata neno moja.