Damu ya Waruguru

Muuguzi Kavindu alikuwa amewatoa watoto wa mtaa wa Gitothua damu kwa miaka kumi na mmoja, katika zahanati ndogo nyuma ya soko, na hakuwahi kupima vibaya. Kosa lake lilikuwa la mdomo.

Siku hiyo alileta majibu ya Waruguru, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimegeuka rangi ya kutu. Mama yake, Nakhumicha, alikuwa amempakata kwenye benchi. Baba yake, Kang'ethe, mchonga mawe wa machimboni, alisimama kwenye dirisha la majibu. Kavindu akasoma karatasi: damu iko chini, potasiamu chini, protini chini, sukari karibu kuisha. Foleni ilikuwa ndefu. Akasema kwa haraka, "Baba Waruguru, damu ya huyu mtoto ni mbaya sana."

Kang'ethe hakungoja neno la pili. Kichwani mwake alisikia ukimwi. Akageuka, akamtwanga mkewe ngumi ya mdomo.

"Umeniletea nini kwa nyumba?"

Nakhumicha akaanguka, akamfunika mtoto kwa kifua. Kang'ethe akampiga teke la mbavu, akarudia, akarudia tena.

Kavindu alitoka mbio akaingia katikati. Kang'ethe akainua kiti cha chuma. Kavindu akakinga kichwa kwa mkono wa kulia, akasikia mfupa ukivunjika. Pigo la pili likaangusha rafu ya sampuli, na damu ya watoto wa asubuhi nzima ikamwagika sakafuni. Philip, askari wa geti, na wanaume wawili wa foleni wakamrukia Kang'ethe. Wakateleza humo wakipigana, wakampiga hata baada ya kulala chini, hadi meno mawili yakamtoka.

"Mtoto hana ukimwi," Kavindu akamwambia akitweta. "Ni chakula kimekosekana. Anakula nini?"

Kang'ethe alitema damu. "Ugali. Na strungi."

"Basi ni hiyo. Chai bila maziwa haimjengi mtoto."

Waruguru alikuwa amelegea na macho yamepinduka. Kavindu alikoroga maji ya sukari kwa mkono mmoja, akamdondoshea chini ya ulimi, tone kwa tone, mpaka mtoto akalia. Ndipo yeye mwenyewe akazimia.

Mama na mtoto walilazwa hospitali ya Thika wiki tano. Waruguru akapona.

Kortini Kavindu alieleza kipigo chote. Kisha, bila kuulizwa, akaeleza maneno aliyoyasema dirishani. Kang'ethe akafungwa miaka mitatu.

Nje, Nakhumicha, ambaye sasa alikuwa amepanga chumba chake mtaa wa Landless, alimshika bega.

"Sista, usijibebeshe hiyo lawama. Alikuwa akinipiga hata kabla hujafungua mdomo."

Kavindu aliitikia kwa kichwa. Lakini hakuweza kumwangalia usoni.