Kiu ya Waridi

Mama Vifungo alishonea watu nguo barazani kwake, na kando ya cherehani alikuwa na ndoo yenye mmea alioachiwa na marehemu dada yake. Jina la mmea hakuachiwa. Dada alimwambia tu, "Huu utatoa maua, utaniona," kisha ugonjwa ukamchukua. Mama Vifungo alikuwa akiyangoja maua hayo tangu hapo.

"Maua wapi, wifi? Huo ni mnyaa," alisema dada wa mumewe. "Utomvu wake utatupofua. Utupe!"

"Siku utakayonitupa na mimi."

Majani yakaanza kupukutika. Mumewe, dereva mstaafu, akaguna. "Una kiu huo, mama."

"Kiu? Wenye kitambi kama hicho?" Kweli, shina lilivimba chini kama boga. "Maji nitatia mwenyewe. Asiuguse mtu!"

Asubuhi moja alilibonyeza shina, kidole kikadidimia. Udongo ulikuwa chepechepe, na yeye hakuwa ametia maji wiki nzima. Alichukua wembe, akakata tawi moja. Utomvu ukatoka mwangavu kama maji.

"Njooni hapa! Mnyaa hutoa maziwa meupe, mazito. Haya ni maziwa? Na kwa kitambi hiki, hili ni waridi la jangwani. Jangwani kuna nini? Kuna bomba?"

Mumewe alijikuna kisogo. "Mimi nilitia kikombe tu, kila asubuhi. Nilidhani umesahau."

"Na mimi jioni," wifi akanong'ona.

"Wewe si ulisema niutupe?"

"Kutupa, sawa. Lakini life kwa kiu nikilitazama? Mimi si mnyama, wifi."

Mama Vifungo alishika kichwa. Waliolichukia na waliolihurumia, wote walishika vikombe! Alikata sehemu iliyooza mpaka akafikia nyama ngumu, akanawa mikono kwa sabuni kwa sababu utomvu ule ni sumu, akakilaza kipande kilichobaki dirishani kikauke kidonda. Baadaye akakipanda kwenye mchanga na kokoto, katika ndoo iliyotobolewa chini.

Wiki zikapita, kisiki hakisemi kitu. Siku moja akamkuta wifi ameinama juu ya ndoo, kikombe mkononi.

"Wifi!"

"Nakunywa mwenyewe!" Akayagugumia maji, mengine yakamshukia kidevuni. "Nimekuja kutazama tu. Na wewe tazama, kabla hujanigombeza."

Pembeni mwa kisiki lilikuwa limechomoza jani, dogo kama ukucha wa mtoto.

Mama Vifungo aliinama akalitazama. "Haya," alisema, "leta hicho kikombe," akakifungia kwenye droo ya cherehani.