Diski Isiyo ya Mkoa Huu

Niliondoka nyumbani Bashay, wilayani Mbulu, kwa sababu ya mkono wa mke wangu. Ng'ombe alimbana ukutani wakati wa kukamua, bega likavunjika, na mkono wa kulia ulipofunguliwa baada ya wiki kadhaa haukuweza kupanda kupita kifua. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimwambia waziwazi kwamba auinue kila siku, la sivyo utaganda hivyo hivyo maisha yake yote. Akampa fimbo ya kuinua asubuhi na jioni. Theresia aliinua siku nne. Siku ya tano niliikuta fimbo imetumika kufungia mlango wa banda la kuku.

"Inauma," alisema. "Na watu wakipita njiani wananiona napunga kama mwendawazimu."

Binti yetu Neema, anayefanya kazi Arusha, ndiye aliyeleta mashine ya gemu. Alikuwa ameona mgonjwa akifanyishwa mazoezi na mashine ya aina hiyo. Ni mtumba kutoka Japani, nyeupe, na rimoti yake unaishika na kurusha mkono kweli kweli, kisha kwenye televisheni mpira unaviringika na kuangusha vigingi. Diski ya mchezo aliinunua duka jingine, ikiwa kwenye boksi lililoandikwa Kiingereza. Akatuunganishia nyaya, na transfoma ya kushusha umeme, akarudi kazini kwake.

Kesho yake nikaiwasha. Theresia alisimama katikati ya sebule, rimoti mkononi, amejifunga kitenge kipya kana kwamba anakwenda kubatiza mtoto. Mashine ikakataa diski. Nikaitoa, nikaipangusa, nikairudisha. Ikakataa tena, na kwenye kioo yakatokea maandishi ya Kijapani. Nikayapiga picha kwa simu yangu ili yatafsiriwe, na simu ikaandika: "Diski hii haiwezi kutumika. Mkoa si sahihi."

Naomba msinicheke mapema. Mtu wa Mbulu wa umri wangu akisikia neno mkoa, anajua jambo moja: zamani sisi tulikuwa mkoa wa Arusha, halafu tukakatwa tukawa Manyara. Diski ilinunuliwa Arusha. Sasa iko Manyara. Kwangu mimi jambo lilikuwa limejieleza lenyewe. Neema nilipompigia alisema anahisi tatizo ni jingine, nisubiri aulize dukani, lakini mimi si mtu wa kusubiri, na nilikuwa na sababu. Theresia alikuwa ameiweka rimoti juu ya kabati na kusema, "Hata mashine imenikataa. Basi, niacheni." Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumsikia akisema basi.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji kuchukua barua ya utambulisho. Nimewahi kuwa mjumbe wa serikali ya kijiji, najua mtu hatoki wilaya moja kwenda nyingine na shida ya kimkoa bila barua. Mtendaji aliniuliza mara mbili shida yenyewe ni nini, nikamweleza mara mbili, mwisho akaandika kwamba mleta barua ni mkazi halali wa Bashay, Mkoa wa Manyara, na popote aendapo asaidiwe. Akagonga muhuri. Nikaiweka barua pamoja na diski kwenye mkoba, na mafungu mawili ya vitunguu saumu kwa ajili ya wenyeji.

Saa nne nilikuwa kwenye basi la Haydom. Safari yangu ilikuwa ya kwenda Katesh, kwa shemeji yangu Paulo, mdogo wake Theresia, ambaye aliniambia mjini kwao kuna duka la gemu. Nilitafuta diski iliyouzwa ndani ya Manyara, basi. Kutoka Haydom nilipata gari dogo, na baada ya Basotu nchi ikafunguka. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu, na vijana wenye shuka walisimama barabarani bila haraka mpaka kundi lote likavuka. Jirani yangu kwenye kiti, mama mwenye vikuku vya shaba mikononi, aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia natafuta dawa ya mkono wa mke wangu. Habari ya gemu niliiona ndefu.

Saa kumi alasiri niliingia Jorodom, sehemu ya Katesh anakokaa Paulo. Mlima Hanang ulikuwa wazi juu yetu, na mstari ule mpana wa udongo ulioshuka mwaka wa maporomoko bado unaonekana. Paulo alijenga upya nyumba yake hatua chache juu ya pale pa zamani, na mawe yaliyoletwa na tope ameyapanga kuzunguka uwanja, ndiyo viti vyake vya wageni. Tulikaa hapo tukanywa chai. Aliniuliza habari za dada yake, nikamweleza ukweli, kwamba ameacha kujaribu.

"Dada?" alisema. "Yule aliyenibeba mgongoni mpaka darasa la kwanza?" Halafu akachezea kikombe. "Kesho twende dukani mapema."

Asubuhi tulifika duka likifunguliwa. Mwenye duka ni binti wa miaka ishirini na kitu, anaitwa Rehema. Alinipa shikamoo, akanipa na stuli. Nikaanza na barua. Aliisoma yote, mpaka tarehe, akaniangalia kwa heshima ya mtu aliyeshindwa kuelewa. Ndipo nikamwonyesha diski na ile picha ya kwenye simu.

Alijizuia kucheka, namshukuru. Paulo hakujizuia.

"Baba, mkoa huu si Arusha wala Manyara," Rehema alisema. "Waliotengeneza mashine waliigawa dunia vipande. Japani kipande chake, Marekani chake. Sisi tumewekwa pamoja na Ulaya. Mashine ya Japani inataka diski ya Japani tu. Hii yako ni ya Ulaya."

"Kwa hiyo mimi na Ulaya tuko mkoa mmoja."

"Kwa mambo ya gemu, ndiyo."

"Na hii barua?"

"Barua ni nzuri, baba. Ila mashine haisomi muhuri."

Nilikaa kwenye stuli yangu nikiona aibu inanipanda masikioni. Nimesafiri siku nzima kwenda kutatua mgawanyo wa mikoa ambao haupo. Rehema alinieleza kwamba wapo mafundi wanaofungua mashine na kuondoa kizuizi hicho, lakini kwa mtumba wa umri ule wengine huiua kabisa, na yeye asingemshauri baba yake. Diski za Japani hakuwa nazo. Sijui aliona nini usoni mwangu, maana aliacha kupanga simu zake, akafikiri.

"Kuna mwalimu mstaafu kule Endasak, Mwalimu Anastazia," alisema. "Aliwahi kuleta mashine kama hiyo, ya Kijapani, imeungua. Sikuweza kuitengeneza. Diski zake sijui kama bado anazo."

Kabla ya adhuhuri nilikuwa nyuma ya pikipiki, napanda Endasak kati ya mahindi na maharage, barua ndani ya koti. Mwalimu Anastazia nilimkuta barazani akichambua maharage kwenye ungo. Ni mama aliyenizidi umri kwa miaka mingi. Nikatoa shikamoo, nikapokewa, nikakaa. Aliponisikia natafuta diski za Kijapani alikunja uso, na sikumlaumu, mgeni asiyejulikana anayeulizia vitu vya ndani. Nikampa barua. Aliisoma kimwalimu, kidole kikifuata mistari.

"Asaidiwe," akasoma kwa sauti. "Haya. Nikusaidie nini?"

Nikamweleza habari ya mkono wa Theresia tangu ng'ombe mpaka kabati. Yeye naye akanieleza yake. Kijana wa Kijapani alifundisha hesabu shuleni kwao kwa kujitolea, akaishi nyumba ya jirani, na alipoondoka alimwachia mwalimu mashine yake na diski tatu. "Tukaichomeka ukutani moja kwa moja," alisema. "Ikatoa moshi hata hatujakaa. Kumbe umeme wa kwao ni mdogo, na kale kadude ka kupunguza alikaacha kabatini, sisi tukadhani ni chaja ya redio."

"Na diski, mwalimu?"

Akacheka kidogo, akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba. "Zinafanya kazi."

Zilikuwa kwenye alizeti. Amezifunga kwa kamba kwenye miti, zinazunguka na kumetameta, na ndege kweli walikuwa mbali. Diski mbili zilikuwa zimekwaruzwa mpaka zinapitisha mwanga. Ya tatu, iliyokuwa chini ya kivuli cha mparachichi, ilikuwa na vumbi na alama za mvua, na katikati ya maandishi ya Kijapani kulikuwa na picha ndogo ya kigingi cheupe. Mwalimu akaifungua kamba mwenyewe. Tukaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, akanifundisha kufuta kutoka katikati kwenda nje bila kuzungusha, kama Rehema alivyomfundisha yeye. Nikamwachia vitunguu saumu vyote, na ile diski ya Ulaya nikaifunga juu ya alizeti mahali pa ile iliyotoka.

"Usinirudishie," aliniambia tukiagana. "Mwambie tu mama watoto asiogope maandishi. Hata mimi sikuwahi kuyajua."

Jumatano nilirudi kwa njia ile ile. Paulo alinisindikiza mpaka kituoni bila utani hata mmoja. Diski nilikuwa nimeifunga ndani ya fulana safi, nikaipakata njia nzima. Kwenye barabara ya Basotu tulikwama tena nyuma ya ng'ombe na nikaona wanatembea polepole kwa makusudi.

Nyumbani nilifika jua likiwa bado juu. Theresia hakutaka kuinuka kitini. Nikawasha transfoma, nikawasha mashine, nikaingiza diski. Ikaunguruma, ikasimama. Nikaitoa, nikaifuta kutoka katikati kwenda nje. Ikaunguruma tena. Halafu muziki ukaanza, mchangamfu, na vigingi kumi vikasimama kwenye kioo. Nikampa Theresia rimoti.

Mpira wa kwanza ulikwenda pembeni. Wa pili pia. Sauti ya mwanamke ikasema kitu kwa Kijapani, na Theresia akadhani anachekwa. Akainuka. Akaanza kuijibu kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, na akarusha tena, na tena. Vikaanguka viwili. Vikaanguka sita. Alikuwa anakunja uso kwa maumivu, lakini hakuacha.

Safari hii ilinifunza kwamba dunia imegawanywa na watu ambao hawakutuuliza, na kwamba neno la Kiswahili kwenye simu linaweza kumpeleka mtu mzima Katesh na barua yenye muhuri. Sijutii. Ningesubiri nyumbani kama Neema alivyosema, nisingeijua ile alizeti.

Mpira wa tisa au wa kumi uliangusha vyote. Theresia akainua mikono yake yote miwili juu, kushangilia, wa kushoto na wa kulia. Wa kulia ulipita kifua, ukapita bega, ukafika usawa wa sikio. Yeye hakuona, alikuwa anaangalia vigingi. Mimi niliona. Nisije nikamkumbusha, nikatoka nje kama mtu anayekwenda kuangalia ng'ombe, nikalia kwa furaha mpaka aliponiita ndani akisema nimeogopa zamu yangu.