Chemchemi ya Kibuyu Kimoja

Kila vita vilipokohoa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, sisi tulikuwa tumeshafika mlimani. Mbio zetu za miaka ile zingemwaibisha swala. Tulikimbilia kilima kikavu, chenye majani machache kuliko nywele zangu za leo, na udongo mwepesi: ukiukanyaga mara mbili, mvua inaubeba mpaka ziwani. Maji yalikuwa chemchemi moja tu mchangani, inayotoka polepole hata kinyonga angeiacha nyuma.

Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyetuwekea masharti. Tupite juu ya mawe, si juu ya majani. Tuokote kuni zilizojikaukia zenyewe. Siku ya kushuka, kila jiwe la jiko lirudi lilikotolewa, upande wa masizi chini. Na mguu usiingie majini: achote mmoja, kwa kibuyu kidogo, wengine wapange mstari.

Baadaye, katika shule ya jioni, mwalimu aliita jambo hilo kulinda mazingira. Sisi tuliliita kumwogopa mama mkubwa.

Mjomba, mdogo wake, mvuvi mwenye viganja vipana kama makasia, alichoka na mstari. Akachukua jembe.

"Mi napanua hii shimo. Batoto banakufa na kiu!"

"Panua." Mama mkubwa akaketi juu ya chemchemi na vitenge vyake vyote. "Anza na mi."

"Yaya, dada yangu mukubwa, tunakimbia vita ao tuko mu kanisa?"

"Vita itarudi, mudogo wangu. Ukipasua huu muchanga, maji itazama. Siku ile tutakimbilia wapi? Mu kinywa yako? Iko mukubwa, ni kweli, lakini hatutaenea bote."

Kilima kizima kilicheka. Nadhani hata bunduki zilinyamaza kusikiliza. Mjomba akaweka jembe, akarudi mwisho wa mstari akinung'unika.

Vita vikarudi kweli, kiangazi, vijito vya bondeni vimekauka vyote. Tulipanda, kila mtu akijiuliza kama tutakuta maji. Tuliyakuta, polepole vilevile. Mjomba, aliyetutangulia, alikuwa ameshika kibuyu, akifokea waliofuata:

"Toa muguu! Pita ku mawe! Munafikiri huku ni kiwanja ya mupira?"

Leo mama mkubwa hayupo. Nikienda kijijini Lubondja, hukata kona nikapanda pale kilimani, nikageuza mawe mpaka kiuno kilalamike. Mara mojamoja napata lenye masizi. Nalinusa kidogo, kisha nalirudisha, masizi chini.